Katibu wa FA ndiye nahodha aliyebeba Kombe la FA la kwanza. Hapo haki ilikuwepo?

Kiungo Mkabaji:

Wakuu, habari zenu. Nasoma historia ya soka la Uingereza na kuna jambo linanisumbua. Fainali ya kwanza ya Kombe la FA, chama cha soka cha Uingereza, ilichezwa Machi 16, 1872 pale Kennington Oval, Wanderers wakawafunga Royal Engineers 1-0. Nahodha wa Wanderers: Charles Alcock. Katibu wa FA: Charles Alcock. Aliyetoa wazo la kombe lenyewe: huyo huyo. Na mwaka huo huo akawa katibu wa Surrey, klabu ya kriketi yenye makao yake hapo hapo Oval! Upande wa pili alikuwemo Francis Marindin, ambaye miaka miwili baadaye akawa rais wa FA.

Leo katibu wa shirikisho akicheza fainali ya mashindano aliyoyaanzisha mwenyewe, patachimbika. Hawa watu waliendesha mpira kwa haki au waligawana wao kwa wao?

Refa Mstaafu:

Mdogo wangu, umeuliza jambo la maana. Mimi nimeshika filimbi, na baadaye nikashika kalamu ya kamati, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyekaa pande zote mbili.

Kwanza ondoa picha ya mchezaji anayetundika daluga halafu anapewa ofisi. Wakati ule mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. FA ilipozaliwa Oktoba 26, 1863 katika Freemasons' Tavern, London, waliokaa mle ndani walikuwa wachezaji na manahodha wa klabu zao. Ebenezer Morley, wakili aliyeanzisha klabu ya Barnes, akawa katibu wa kwanza na ndiye aliyeandika rasimu ya sheria. Mwaka 1866 bado alikuwa uwanjani, akiichezea London dhidi ya Sheffield. Usipowapa wachezaji kazi ile, ungempa nani? Nje yao hakukuwa na mtu aliyeujua mchezo.

Alcock alizaliwa Sunderland mwaka 1842, akasoma Harrow. Pale shuleni mabweni yalikuwa yakipambana kwa mtoano, anayefungwa anatoka. Wazo hilo ndilo alilolipeleka kwenye kikao cha Julai 20, 1871 katika ofisi za gazeti la The Sportsman. Klabu 15 zikajiandikisha, na kikombe kikatengenezwa kwa takriban pauni 20.

Sasa twende kwenye kiini cha swali lako, maana hapa sitaki kumficha mtu. Safari ya Wanderers kwenda fainali ile ukiitazama mechi kwa mechi inashangaza. Harrow Chequers walijitoa kabla ya kucheza. Clapham Rovers walifungwa kweli, uwanjani. Na Crystal Palace ilikuwa sare, na kanuni ya wakati ule ikaruhusu timu zote mbili kusonga mbele. Nusu fainali wakakutana na Queen's Park waliosafiri kutoka Glasgow, 0-0, halafu Waskoti wakakosa fedha za kurudi London kwa marudiano, wakajiondoa. Yaani kabla ya fainali, Wanderers walikuwa wameshinda mechi moja tu! Na aliyefunga goli la fainali, Morton Betts, aliandikwa kwenye kikosi kwa jina la A. H. Chequer, kwa kuwa alikuwa mtu wa Harrow Chequers, ile ile timu iliyojitoa.

Mwaka uliofuata ndiyo kabisa: bingwa mtetezi aliingia fainali moja kwa moja, akawasubiri wenzake wamalize kuchujana. Wanderers wakashinda tena, 2-0 dhidi ya Oxford University. Mimi kanuni hiyo siitetei. Iliwapendelea, na ni vizuri kwamba iliondolewa.

Lakini mtazame na Marindin. Fainali ya 1875 ilikuwa Royal Engineers dhidi ya Old Etonians, timu ya waliosoma shule ya kitajiri ya Eton. Yeye alikuwa mtu wa timu zote mbili, na tayari ni rais wa FA. Akakaa pembeni, hakucheza upande wowote. Hakuna kanuni iliyomlazimisha. Mwamuzi wa fainali hiyo alikuwa Alcock.

Kiungo Mkabaji:

Shukrani sana mzee wangu. Hiyo ya kushinda mechi moja sikuijua. Na vipi Lord Kinnaird? Kila ninaposoma naambiwa ndiye aliyekuwa nyota wa kwanza.

Refa Mstaafu:

Ndiye. Ndevu nyekundu, suruali ndefu nyeupe, na miguu ambayo wapinzani waliiogopa. Alicheza fainali tisa na kushinda tano, tatu akiwa na Wanderers na mbili na Old Etonians. Baada ya fainali ya 1882 alisimama kwa kichwa mbele ya jukwaa kwa furaha. Miaka minane baadaye mtu huyo huyo akawa rais wa FA, akabaki kwenye kiti hicho hadi alipofariki Januari 1923.

Kwa hoja yako lakini, iangalie fainali ya 1877. Siku hiyo Kinnaird alikuwa golini kwa Wanderers dhidi ya Oxford University. Akaudaka mpira, akarudi nyuma hatua moja na kuvuka mstari akiwa nao mikononi. Goli la kujifunga. Wanderers walishinda 2-1 katika muda wa nyongeza, ila baadaye kumbukumbu za FA zikaandika 2-0, na ilichukua takriban karne nzima goli la Oxford kurudishwa. Kinnaird alikuwa mjumbe wa kamati ya FA. Kwa mwamuzi kama mimi, hilo linauma kuliko yote niliyoyataja. Goli likishaingia ni mali ya aliyelipata.

Hata hivyo, ukiniuliza walijigawia au la, mimi nawapima kwa mwaka 1885. Klabu ya Upton Park walikuwa wamelalamika kwamba Preston, klabu ya kaskazini, wanalipa wachezaji, jambo lililokuwa marufuku wakati ule, na kiongozi wa Preston, William Sudell, akakiri waziwazi. Preston wakaondolewa kombeni, klabu za kaskazini zikatishia kuunda chama chao. Alcock angeweza kusimama na mabwana wenzake wa shule za kitajiri na kuufunga mlango. Alisimama upande wa kuruhusu malipo, na Julai 20, 1885 malipo yakaruhusiwa, kwa masharti.

Na alijua vizuri anachokipoteza. Mwaka 1883 Blackburn Olympic walikuwa wamekwisha kuwafunga Old Etonians, Kinnaird akiwemo, na goli la ushindi likafungwa na Jimmy Costley, mfanyakazi wa kiwanda cha pamba. Wanderers walikuwa wameshasambaratika. Kuruhusu malipo kulimaanisha timu za watu wa tabaka lake hazitalibeba tena kombe alilolianzisha. Hazikulibeba tena kweli. Mtu anayejigawia hapitishi uamuzi wa namna hiyo.

Mama Winga:

Baba Refa, nakuheshimu na nimekusoma mpaka mwisho, ila umeishia mahali pazuri mno. Malipo yaliruhusiwa, sawa. Lakini tangu 1901 mchezaji hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki, na kikomo cha mshahara hakikufutwa mpaka 1961. Viwanja vinajaa, Costley wa kizazi kipya anapewa pauni 4. Nani alikuwa rais wa FA? Kinnaird.

Halafu Desemba 5, 1921. Mwaka mmoja kabla yake, siku ya pili ya Krismasi, Dick, Kerr Ladies, timu ya wanawake, walicheza Goodison Park mbele ya watu zaidi ya 50,000. FA ikaziagiza klabu zake zisiwape wanawake viwanja, eti mpira hauwafai. Marufuku hiyo ikadumu karibu miaka 50. Rais bado ni Kinnaird. Aliyekuwa amesimama kwa kichwa kwa furaha ya mpira alikuwa rais wa chama kilichowanyima wengine furaha hiyo. Na aliyempokea kiti, Charles Clegg wa Sheffield, aliyeichezea Uingereza kwenye ile mechi ya kwanza na Scotland mwaka 1872, hakuigusa marufuku hiyo hadi anafariki 1937.

Refa Mstaafu:

Mama, hapo sina la kupinga, na Kinnaird simtetei. Nitaongeza moja tu: mwaka 1921 wachezaji wale wa zamani walikuwa wamekaa vitini zaidi ya miaka 30, hawakuwa tena watu wanaotoka uwanjani Jumamosi na kuingia kikaoni Jumatatu. Katika chumba kile hakuwemo mchezaji hata mmoja wa Dick, Kerr. Mwaka 1863 waliotungiwa sheria ndio waliokaa mezani, mwaka 1921 hawakuitwa. Kiungo, swali lako la haki ningelihamishia hapo: usiulize tu kama katibu alicheza, uliza ni nani walicheza na hawakuwa na mtu kikaoni.