Vingunguti, Gongo la Mboto au Chanika: kibarua wa elfu nane kwa siku apange wapi?

Kibarua wa Plastiki
Wakuu, heshima kwenu. Kodi yangu inaisha mwisho wa mwezi na mwenye nyumba chumba anampa mwanawe, kwa hiyo nahama nitake nisitake. Nafanya kibarua kiwanda cha plastiki Vingunguti, hapa Dar, 8,000 kwa siku. Nikiitwa siku zote 26 ni 208,000, ila mwezi wa siku 26 kamili nimeuona mara mbili tu tangu mwaka jana. Nina mke na mtoto wa miezi tisa. Jumapili mbili nimezunguka na madalali, vyumba ni hivi:

Vingunguti: 60,000, mwenye nyumba anataka miezi sita. Kwa miguu dakika 20 hadi getini.

Gongo la Mboto: 40,000, miezi sita pia. Nauli 700 kwenda, 700 kurudi.

Chanika: 25,000, anakubali miezi mitatu. Chumba kikubwa, kuna uwanja, kisima kipo hapo hapo. Magari mawili, jumla 1,500 kwenda na 1,500 kurudi.

Mkononi nina 150,000. Moyo unaenda Chanika. Mnasemaje?

Fundi Jokofu
Mkuu, nauli nayo ni kodi, tofauti yake unailipa kwa konda. Chanika 3,000 kwa siku mara 26 ni 78,000. Ongeza 25,000 ya chumba, unalipa 103,000. Gongo la Mboto 36,400 na 40,000 ni 76,400. Vingunguti ni 60,000 basi. Chumba kinachoonekana ghali ndicho rahisi kuliko vyote. Kinachokuumiza ni kutoa kwa mkupuo: miezi sita 360,000 na dalali mwezi wake mmoja, 420,000. Nani analipwa elfu nane kwa siku ana fedha hiyo kabatini? Ndiyo maana wenzetu wengi wanaishia mbali, kuingia ni rahisi, halafu wanalipia kila asubuhi.

Suka wa Chanika
Naendesha njia hiyo mwaka wa sita. Abiria wangu wa saa 10 alfajiri nawajua kwa sura: walinzi, dada wa kazi wanaokwenda na kurudi, vijana wa viwandani, akina mama wanaofuata mzigo Ilala na Kariakoo. Wanalala wakiwa wamesimama, mkono umeshika bomba. Jioni pale Gongo la Mboto watu wanaingilia dirishani ili wapate siti. Chanika pana hewa na pana nafasi, mimi mwenyewe nimejenga huko, lakini mimi gari naondoka nalo. Anayetakiwa getini saa 12 sishauri.

Kibarua wa Plastiki
Hilo la saa 12 ndilo linaniuma. Pale kwetu msimamizi anatoka na daftari, tunasimama ukutani, ananyoosha kalamu: wewe, wewe, wewe na wewe. Idadi ikitimia geti linafungwa. Nimewahi kufika saa 12 na dakika 10, gari liliharibika Ukonga. Nilirudi nyumbani na sare yangu ndani ya mfuko, nauli imekwenda na siku imekwenda.

Mama Wawili
Kaka yangu, naona hesabu zote ni za mwanaume mmoja na geti lake. Mke wako yuko wapi kwenye hesabu? Vingunguti akiamka saa 10 akapika uji na chapati, saa 11 na nusu yuko ukutani hapo hapo mnaposimama nyinyi. Mimi nilianza hivyo na chupa mbili za chai na beseni moja. Siku nzuri nilikuwa nabaki na 5,000 baada ya kutoa unga, mafuta na mkaa. Siku mtu haitwi kazini, chapati hainunui, hilo nalo ulijue. Chanika atamuuzia nani alfajiri?

Ila uliza mambo ya ndani. Maji ni bomba au ndoo? Ndoo nne kwa siku za 100 ni 12,000 kwa mwezi. LUKU ya umeme mnachangia kwa chumba au kwa vifaa? Choo watu wangapi? Una mtoto anayetambaa, choo cha vyumba kumi si jambo dogo.

Mkazi wa Bondeni
Naomba nipingane na wanaosifia Vingunguti kwa jumla jumla. Kuna Vingunguti ya juu na kuna ya kando ya mto Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wa bonde hili, wengine wakahamishiwa Mabwepande, na mpaka leo mvua za masika zikikaza tunapandisha magodoro juu ya meza. Nenda bila dalali. Angalia ukuta: rangi mpya iliyoishia usawa wa goti ina maana yake. Uliza mtoto wa jirani, si mwenye nyumba. Kama ni bondeni, bora Gongo la Mboto. Angalau treni ya Pugu inapita.

Mzee wa Manzese
Vijana, baba yangu alikuwa Urafiki, kiwanda cha nguo kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Alikuwa na namba ya kazi, alijua tarehe ya mshahara, na sisi tulikulia Manzese kwa sababu kazi ilikuwa karibu. Mangi wa duka alimkopesha sukari kwa kuwa alijua tarehe 30 ipo. Leo kijana anasimama ukutani kila asubuhi kama mgeni mahali alipofanya kazi miaka miwili. Hilo linanisikitisha kuliko bei ya chumba.

Karani wa Zamu
Mzee umegusa penyewe. Amri ya mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha biashara na viwanda 150,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 26 ni kama 5,770. Kuanzia Januari 2026 kima cha chini cha sekta binafsi kimepanda kwa wastani wa asilimia 33.4. Lakini kima cha mwezi kinamsaidia nini anayeitwa siku 17? Mdogo wangu, weka kumbukumbu ya kila siku uliyofanya kazi. Sheria ya Ajira ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zikizidi ulipwe mara moja na nusu, na usiku nyongeza isiyopungua asilimia 5. Uliza pia kama unachangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

Kibarua wa Plastiki
Wakuu, nimerudi. Bondeni niliuona huo ukuta, rangi ya kijani hadi gotini, nikaondoka. Nimepata kingine upande wa juu, 60,000 hiyo hiyo, bomba liko uani, vyumba sita choo kimoja. Mama mwenye nyumba amekubali miezi mitatu baada ya kumwona mtoto. Pamoja na hela ya dalali ni 240,000, nilikuwa nimepungukiwa 90,000. Mke wangu anacheza mchezo wa kupokezana fedha na wenzake, jumla watu 10, kila mmoja 10,000 kwa wiki. Zamu yake ilikuwa ya nane, jirani amempisha akachukua wiki hii.

Guta la kubeba vyombo linakuja Jumamosi, 15,000. Mama Wawili, mke wangu anauliza: mkaa wa uji ulikuwa unanunua kwa kopo au kwa gunia?