RAM ya CL16 au CL18? Nijibuni haraka, muuzaji anafunga saa kumi

Kishoka2: Wakuu heshima kwenu. Niko Kariakoo nje ya duka, muuzaji ananikodolea macho. Kuna seti mbili za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) za DDR4, yaani kizazi cha nne, kila moja GB 16 (8 mara mbili). Ya kwanza ni kasi 3200, stika imeandikwa CL16. Ya pili ni 3600, CL18, na bei imezidi elfu 40. Muuzaji anasema ya pili ndiyo moto. Mimi nimesoma CL ikiwa ndogo ndiyo mwendo. Nichukue ipi?

Mla_Bamia: Chukua ya bei kubwa. Rahisi ghali.

Fundi_wa_Mbagala: CL peke yake haisemi kitu mkuu. Ni idadi ya midundo ambayo RAM inangoja tangu iombwe data mpaka ianze kuitoa, na urefu wa mdundo unategemea kasi. Kupata muda wenyewe, zidisha CL mara 2000, gawa kwa namba ya kasi. 16 × 2000 ÷ 3200 = nanosekunde 10. 18 × 2000 ÷ 3600 = 10 hizohizo. Mfupi kapiga hatua 18, mrefu kapiga 16, wamefika mlangoni pamoja. Ya 3600 inazidi tu kwa wingi wa data inayopitisha kwa sekunde. Ya kukwepa ni 3200 yenye CL22, hiyo inafika 13.75. Mashine gani lakini?

Bi_Chuma: Mimi mwaka juzi nililazimisha DDR3 kwenye bodi (ubao mkuu wa mashine) ya DDR4. Pengo la katikati halikukaa sawa, nikasema litakaa tu. Halikukaa. Bodi ikaenda na maji. Mume wangu hadi leo nikishika bisibisi anatoka sebuleni.

Kishoka2: Pole dada. Mashine ni ya kawaida tu, DDR4. Tujibu swali, 16 au 18?

Fundi_wa_Mbagala: Hakuna mashine ya kawaida tu. Prosesa?

Kishoka2: Ngoja niangalie stika. i5-6500, ile minara iliyotumika ofisini. Ina GB 4. Natengeneza kadi za harusi, Photoshop inaganda.

Fundi_wa_Mbagala: Ungeanza na hilo. Prosesa hiyo kwenye DDR4 inaishia kasi ya 2133. Namba za 3600 CL18 ni za XMP (mpangilio wa kupandisha kasi ya RAM kupita ya kawaida), tena kwa volti 1.35 wakati DDR4 ya kawaida ni 1.2. Bodi za ofisi za kizazi hicho haziruhusu kupandisha. Seti zote mbili zitashuka 2133, mara nyingi CL15. Piga hesabu: nanosekunde 14 na ushee. Elfu 40 unamzawadia muuzaji.

Kishoka2: Lakini siku nikibadilisha mashine itanifaa. Nafikiria mbele.

Mla_Bamia: Ukibadilisha utakuta ni za DDR5, haziingiliani. Mbele gani huko?

Shehe_Waya: Samahani wakuu, hii chai. Jamaa yuko nje ya duka Kariakoo, muuzaji anamkodolea macho, halafu "ngoja niangalie stika" ya mnara. Mnara kaubeba kichwani?

Bi_Chuma: 😂😂 Na saa kumi imeshapita, saa hizi ni saa mbili usiku.

Mla_Bamia: Huyu ndiye muuzaji mwenyewe. Anapima upepo auze zile za 3600.

Kishoka2: Mimi si muuzaji jamani. Haya, niko nyumbani. Nilishanunua jana. Ya 3600. Nilitaka tu mtu aniambie nimefanya vizuri.

Shehe_Waya: Sasa kwa nini udanganye?

Kishoka2: Ningesema nimeshanunua mngenicheka. Na hela ni ya kikoba cha mke wangu, nitairudisha kabla ya Jumapili. Kadi zikienda, inarudi na faida. Siyo wizi, ni mtaji.

Bi_Chuma: Kaka, hela ya kikoba haina jina la mtaji. Ina majina ya wanawake 20 na daftari.

Fundi_wa_Mbagala: Kuiba mtajuana. Boksi bado halijafunguliwa? Rudisha, chukua ya bei ndogo kabisa ya GB 16, vipande viwili upate njia mbili za kupitisha data kwa pamoja. Kama halirudi, zichomeke zote mbili, GB 4 toa. Zitakwenda 2133, Photoshop itapumua kwa sababu ya ukubwa, siyo kwa sababu ya CL.

Kishoka2: Boksi nimefungua. Na stika ya dhamana mtoto kaibandika kwenye friji.

Mla_Bamia: Piga picha ya friji, tuamini.

Kishoka2: Mke yuko jikoni.