MREJESHO: Yule rapa wa Tandika niliyeuliza kuhusu dini, maskani na mkataba

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa: nachana, nimekulia maskani (kijiweni) Tandika, Dar, nimerudi msikitini, na kuna meneja anataka nisaini kwa sharti la kuimba matusi. Niache muziki?

Asanteni sana. Mkuu uliyesisitiza mkataba usomwe na mwanasheria kwanza, Mungu akulipe. Kifungu kimoja kilimpa meneja umiliki wa rekodi zangu zote, hata za zamani nilizolipia kwa hela ya bodaboda. Niliomba kibadilishwe, akagoma, tukaachana bila ugomvi. Nyimbo nimeshazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi tangu unapoiumba, lakini cheti kinasaidia sana mtu akikuibia.

Kwa ustadhi nilikwenda baada ya Isha na daftari langu. Hakunihalalishia muziki, sitaki kumsingizia. Alisoma kimyakimya, akaweka kidole kwenye mstari unaomtaja mama yangu, akasema, "Huu usiufute." Matusi nimeyatoa yote. Stori za mtaani nimeziacha, maana ndiyo maisha yetu.

Kilichogoma ni maskani. Nilifuata ushauri wenu wa kukaa na washikaji mchana na kuondoka mapema, ila baadhi wananiita msaliti na hatusalimiani. Inaniuma, wao ndio walionisukuma kupanda jukwaani mara ya kwanza. Redio nazo bado hazijanipiga.

Wimbo mpya unatoka baada ya Idi, bila meneja. Mwenye uzoefu wa kusambaza mwenyewe anielekeze.