Kujitathmini kila jioni bila kuishia kujitetea: wenzangu mnafanyaje?

Mwalimu Mkuu Mpya ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaongoza shule ya msingi, na tangu nikabidhiwe ofisi nimejiwekea desturi ya kukaa na daftari jioni, walimu wakishaondoka, nijiulize nimeongoza vipi. Desturi yenyewe naipenda na sina nia ya kuiacha. Shida ni kwamba nikisoma kurasa za nyuma nakuta maandishi ya aina mbili tu: ama naeleza kwa nini uamuzi wangu ulikuwa sahihi, ama najilaumu kwa maneno ya jumla, kama vile "leo sikuwa na subira", ambayo kesho yake hayanielekezi la kufanya. Ninyi mnaoongoza watu, iwe shuleni, hospitalini au kwenye ushirika, mnajiuliza maswali gani, na mnajuaje kwamba majibu mnayojipa ni ya kweli?

Muuguzi Kiongozi:

Mwalimu, kumbukumbu humpendelea mwenyewe. Jioni inapofika matokeo yamekwisha kujulikana, na akili huyapanga upya tuliyoyafikiria asubuhi hadi yalingane na yaliyotokea. Kwa hiyo mimi uamuzi wenye uzito huuandika kabla ya kuutekeleza. Nikitaka kubadili ratiba ya zamu za usiku wodini, naandika ninachotarajia kitokee, sababu zangu, na dalili itakayonionyesha kwamba sikuona vizuri. Kisha naweka tarehe ya kurudi kusoma. Peter Drucker, mwalimu mashuhuri wa masuala ya menejimenti, alifuata njia hii kwa miaka mingi, akilinganisha matarajio na matokeo baada ya miezi 9 hadi 12. Kwa shule nadhani muhula mmoja unatosha.

Kuhusu "sikuwa na subira", andika tendo lenyewe: kwamba kikaoni ulimkatisha mwalimu wa taaluma kabla hajamaliza hoja yake kuhusu mitihani ya majaribio. Andika jambo ambalo mtu mwingine aliyekuwapo angeweza kulithibitisha au kulikanusha.

Mjumbe wa Bodi ya Ushirika:

Naunga mkono maneno ya dada Muuguzi, lakini daftari la mtu mmoja, hata likiandikwa kwa uangalifu namna gani, lina mpaka wake. Mwalimu Nyerere ni mfano ninaourudia mara nyingi, kwa sababu ni viongozi wachache waliojitathmini hadharani kama yeye. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuijenga TANU; na mwaka huo huo aliandika kijitabu cha Tujisahihishe, akitaka makosa yasemwe ndani ya chama kwa ukweli usiojali mkubwa wala mdogo. Mwaka 1977, alipolipima Azimio la Arusha baada ya miaka 10, aliandika wazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea.

Hata hivyo, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, sheria ya kuvirejesha ikaja mwaka 1982, na ni katika mahojiano ya 1984 aliposema kwamba kama angeanza upya asingevunja ushirika wala serikali za mitaa. Ninamheshimu sana kwa kulisema hilo, na bado naumia nikihesabu miaka iliyopita katikati. Wanaobeba matokeo ya uamuzi huyajua mapema kuliko aliyeuamua.

Kwa hiyo waulize walimu wako, ila usiwaulize "mnanionaje?", maana hakuna atakayemjibu mkuu wake swali hilo kwa uwazi. Uliza hivi: "Katika niliyoagiza kikaoni, lipi limekuwa gumu kutekelezwa darasani?" Akijibu, andika na umshukuru. Ukianza kujieleza, mara ya pili hutaambiwa kitu.

Mkaazi wa Tanga:

Wanazuoni wa Kiislamu wamelishughulikia jambo hili kwa kina. Sayyidna Umar bin Khattab anapokewa akiwausia watu wazihesabu nafsi zao kabla hawajahesabiwa, na Imamu Ghazali ameeleza kwamba mtu huiwekea nafsi yake masharti kabla ya kazi, huichunga wakati wa kazi, kisha huihesabu baada yake, kama mfanyabiashara afanyavyo na mshirika wake. Utaona kwamba sharti la mwanzo linakaribiana na alichokieleza dada Muuguzi. Ningeongeza jambo moja: hesabu ya kiongozi ianzie kwenye haki za watu. Ikiwa ulimkaripia mwalimu mbele ya wanafunzi, kulijutia daftarini hakumrudishii heshima yake. Muombe radhi, na ikiwezekana mbele ya wale wale waliosikia.

Mwalimu Mkuu Mpya:

Nawashukuru nyote. Muhula ujao tunabadili utaratibu wa mwalimu wa zamu, na nitaandika matarajio yangu kabla ya kuutangaza. Naomba kuuliza zaidi: je, matarajio hayo niwaonyeshe walimu mapema, au nisubiri?

Muuguzi Kiongozi:

Waonyeshe mapema, Mwalimu, pamoja na tarehe ya kuyapitia. Wakishaiona tarehe hiyo watakukumbusha, hata ikiangukia wiki ambayo usingependa kukumbushwa.