Naomba ushauri: darasa la bustani linajaa, la uandishi limebaki na watu wanne

Bi Mwalimu
Assalaam alaykum na habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Tanga mjini. Tangu Mei naendesha darasa la watu wazima mtaani kwetu, bila ada. Jumamosi asubuhi tunashughulika na bustani ya mimea ya asili nyuma ya nyumba yangu: mchunga, mgagani, mnavu, na miche ya mkwaju na ukindu kwenye viriba. Jumatano alasiri tunaandika: kumbukumbu, hadithi fupi, na mashairi kwa wanaoyataka.

Jumamosi wanakuja watu 19, wengine na watoto mgongoni. Jumatano tulianza 15. Wiki iliyopita tulikuwa wanne.

Sababu naijua, angalau nusu yake. Jumatano tunakaa kwenye chumba cha darasa tulichoazimwa, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Wiki ya kwanza nilikusanya madaftari nikasahihisha kwa kalamu nyekundu, mazoea ya miaka 31. Mama mmoja muuza mihogo, ambaye Jumamosi ndiye msemaji kuliko wote, alilitazama daftari lake lilivyojaa wino, akalifunga taratibu, akalisukumia chini kabisa ya kikapu chake. Jumatano hajarudi tena. Jumamosi hakosi, na ndiye aliyetufundisha kwamba mgagani huvunwa mbegu ganda linapoanza kuwa la njano, maana likikauka sana linapasuka lenyewe na mbegu zote zinamwagika.

Swali langu: nilifute darasa la uandishi nibaki na bustani, au ipo njia ya kuyaunganisha? Roho inaniuma kulifuta. Wanayoyasema watu hawa wakiwa wamechutama kwenye matuta sijayaona yameandikwa popote: mboga hii ililiwa mwaka gani wa njaa, nani alikatazwa kuichuma, bibi wa nani aliiitaje. Na wenye kuyajua wanatutoka mmoja mmoja.

Jingine dogo: kabla ya vuli nataka tupande mwarobaini na mlonge uani. Mnaonaje?

Kitalu cha Soni
Shikamoo Bi Mwalimu. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo ninalolijua. Mwarobaini na mlonge yote asili yake ni Bara Hindi. Tumeizoea mpaka tukaipa majina yetu, na huo wa magonjwa arobaini kila mtu anaapa ni wa babu zake. Ni miti yenye faida, sikuzuii. Ila kama darasa linaitwa la mimea ya asili, wanafunzi waambiwe ukweli.

Na hata neno "asili" lina mtego wake. Huku Usambara tuna mhesi. Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902 walileta miti mingi ya kujaribu, na baadaye mhesi uliopandwa ukaenea wenyewe hadi ndani ya msitu, kwa sababu hondohondo hula matunda yake na kumwaga mbegu kila wanakotua. Leo unawasumbua wahifadhi. Lakini nenda Bukoba, mhesi ni mti wa kwao kabisa! Kwa hiyo mimi huwauliza watu: ni wa hapa? Kuwa wa Tanzania peke yake hakutoshi.

Kwa Tanga mjini endelea na mkwaju, mbegu ziloweke usiku mmoja kabla ya kusia. Ongeza mbungo kama una mti mkubwa wa kuudandia, maana ule hauwezi kusimama wenyewe. Ukindu upe sehemu yenye unyevu, na uwe na subira nao, hauna haraka. Mgagani usisie mbegu zilizovunwa juzi. Zikae miezi kadhaa kwanza pakavu, la sivyo zitaota chache utafikiri zimeoza.

Kuhusu uandishi nawaachia wengine.

Kalamu ya Jioni
Bi Mwalimu, mimi nitasema tofauti kidogo na utakayoyasikia. Usiwadharau hao wanne. Mtu anayeacha shughuli zake Jumatano alasiri kuja kuandika ana kiu ya kweli, na kiu hiyo haikatwi na bustani. Ukiunganisha kila kitu, wenye kutaka kujifunza kujenga mhusika au kupanga mizani watajikuta wanaandika habari za mboga tu. Waachie Jumatano yao. Wanne wanatosha kusomeana kazi na kila mmoja akasikilizwa hadi mwisho. Kumi na tano muda hauwatoshi.

Baba Semeni
Mwalimu, umenikumbusha mbali. Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi. Mama yangu alikuwa kwenye kikundi kimojawapo, Handeni, nami nilikuwa namshikia taa. Walikuwa wanasikiliza redio, mmoja anasoma kitabu kwa sauti, wanajadili, halafu hawaondoki mpaka wameamua kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka kuzunguka nyumba, kusafisha kisima. Wiki inayofuata wanaulizana nani amefanya.

Mama alikuwa hajui kusoma vizuri. Alikuja kujua kwa sababu kile kilichokuwa kitabuni jioni kilikuwa kwenye mikono yake asubuhi. Neno "mbu" alilisoma siku ile ile walipofukia dimbwi. Kwa hiyo mimi nasema yaunganishe. Miaka ile tulikuwa na njia hii, tukaiacha.

Mjukuu wa Kaya
Salamu kutoka Kilifi. Huku wazee wanaliita darasa la ngumbaru, na wengi neno lenyewe linawatia haya, kana kwamba ukubwani umerudishwa chekechea. Labda hata jina la darasa lako linafukuza watu, liangalie.

Fanyeni majina kwanza. Huo mgagani wenu sisi tunauita mwangani. Mchunga, Wagiriama wanasema mtsunga. Chukua mmea mmoja, weka katikati, kila mtu aseme kwao unaitwaje na jina hilo alilisikia kwa nani. Hapo hapo hadithi imeanza, na hakuna aliyeambiwa "andika".

Zuhura_M
Shikamoo mwalimu. Mimi ni huyo mama wa mihogo. Si yeye mwenyewe, lakini nimewahi kuwa yeye. Nilianza kisomo nikiwa na miaka 34, na daftari langu la kwanza lilirudi jekundu. Nilimwambia mwalimu wangu mtoto anaumwa. Mtoto alikuwa mzima.

Mwalimu, usimsubiri arudi. Nenda kwake barazani, nunua muhogo, mwombe radhi kwa wino ule. Utamwona uso wake. Halafu usimwambie aandike. Mwambie aseme, wewe uandike, neno kwa neno jinsi anavyotamka, kisha umsomee. Mtu akiyasikia maneno yake yanatoka kwenye karatasi, kitu kinabadilika ndani. Mimi nilirudi kwa njia hiyo. Kalamu nyekundu itupe kabisa nyumbani kwako.

Na madawati muachane nayo. Tandikeni mkeka kivulini.

Bi Mwalimu
Nimewasoma wote, zaidi ya mara moja. Kitalu cha Soni, mwarobaini nimeuondoa kwenye orodha. Jirani ana mwembe mkubwa na amekubali mbungo uudandie. Kalamu ya Jioni, nimekuelewa: Jumatano itabaki ya wale wanne, kwangu sebuleni, na tutasomeana. Lakini Jumamosi sasa tunamaliza kwenye mkeka. Baba Semeni, kila mtu anaondoka na kazi moja ya wiki, na mmea mmoja wa kuusemea.

Zuhura mwanangu, nilikwenda. Nilimkuta anamenya. Nilipomwomba radhi alinyamaza, akanipa kisu cha pili, tukamenya pamoja mpaka beseni likajaa. Jumamosi alisema, nikaandika. Amenikubalia niweke hapa bila jina lake:

"Mchunga mama mkwe alikuwa akiuchemsha anamwaga maji ya kwanza, ndio unapungua uchungu. Mimi siupendi. Nikila nalazimishwa. Alipofariki nilikuwa na mimba ya miezi sita. Siku ya tatu msiba umetawanyika, nikaenda nyuma ya nyumba pale alipokuwa anachuma, nikachuma. Nikauchemsha. Maji sikumwaga. Nikala wote na maji yake."

Nilimuuliza kama kuna kitu cha kurekebisha. Akaniomba nisome tena. Nikasoma. Akasema hapo pa "nikachuma", ongeza kwamba majani yalikuwa na umande.