Mjadala: Je, kumbi za michezo ya video za Goma zilazimishwe kufuata alama za umri?

Mwalimu, Himbi: Ndugu zangu, juma lililopita nilipita karibu na ukumbi mmoja wa Majengo saa nne asubuhi, siku ya masomo, nikakuta wavulana waliovaa sare wakingojea zamu ya kushika manete ili wacheze Grand Theft Auto: San Andreas. Mdogo wao hakuzidi miaka tisa. Huko Ulaya mchezo huo una alama ya 18 ya PEGI, mfumo wa kuonyesha umri unaofaa kwa kila mchezo, ulioanza mwaka 2003 wenye ngazi tano: miaka 3, 7, 12, 16 na 18. Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila ambaye hajatimiza miaka 18. Kwa nini basi tusiwalazimishe wenye kumbi kufuata alama hizo? Nasema kwa masikitiko kwamba wengi wao hawajawahi hata kutazama jalada la mchezo wanaoutoza watoto pesa.

Mwenye ukumbi, Majengo: Mwalimu, nakuheshimu, lakini neno lako la mwisho limenichoma. Jalada lipi? Michezo inatufikia ikiwa imenakiliwa, mingi kwa pamoja, ndani ya diski isiyo na boksi wala karatasi. Alama unayoisema ilibaki dukani Brussels. Kwa kazi hii nimewalipia wadogo zangu watatu minervali, yaani karo ya shule, na mtoto wa sare akija asubuhi namrudisha. Usituweke wote katika kapu moja.

Mwanasheria, Katindo: Turudi kwenye swali. Alama hizi zilianza Marekani mwaka 1992, serikali ilipowaamuru watengenezaji waziweke, na ndiyo maana zina nguvu.

Mwanafunzi wa informatiki: Kaka, hapo umekosea mara mbili. Maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl waliitisha vikao Desemba 1993 kwa sababu ya michezo ya ukatili kama Mortal Kombat na Night Trap. Watengenezaji walipoona kwamba serikali itawatungia sheria, waliunda bodi yao wenyewe ya kutoa alama, ESRB, mwaka 1994. Hawakuamriwa, waliwahi. Na bodi hiyo nayo huweza kudanganyika: mwaka 2005 iligundulika kwamba ndani ya San Andreas hiyo hiyo kulikuwa na sehemu ya ngono iliyofichwa, alama ikapandishwa kutoka miaka 17 hadi ya watu wazima pekee. Kwa michezo ya simu ndiyo kabisa, kwani mtengenezaji hujibu maswali ya IARC, mfumo wa kimataifa wa alama hizi, na alama hutoka kulingana na majibu yake mwenyewe.

Mwanasheria, Katindo: Nashukuru kwa kunisahihisha kuhusu mwaka, ingawa ungeweza kunisahihisha bila kunihesabia makosa. Uingereza tangu Julai 2012 muuzaji anayempa mtoto mchezo wa alama ya 12, 16 au 18 kabla ya umri huo anavunja sheria. Kwa hiyo nguvu ya sheria ipo mahali fulani.

Kijana, Birere: Mnabishana miaka ya Wazungu. Watoto wetu walilala chini ya vitanda Januari 2025, vita vilipoingia Goma, wakaamka wakaona maiti barabarani. Namba ya 18 itamkinga mtoto wa namna hiyo na nini? Ameshaona yale ambayo mchezo wowote hauwezi kumwonyesha.

Mama wa watoto wanne, Ndosho: Mdogo wangu, nimesoma maneno yako mara tatu kabla ya kujibu. Mtoto wangu wa pili ni mmoja wa hao unaowasema. Kwa miezi mingi hakulala bila taa, na mlango ukigongwa alikuwa anaingia chini ya meza. Alipoanza kupata usingizi, rafiki zake wakampeleka ukumbini, na jioni hiyo alirudi akitetemeka, akaniuliza kama wale watu wamerudi. Wewe unasema ameshaona, kwa hiyo aendelee kuona. Mtu aliyeungua hapewi kaa la moto kwa sababu ameshaujua moto.

Kijana, Birere: Mama, nisamehe. Sikukusudia kusema aendelee. Mimi mwenyewe nilikuwa huko Mugunga siku zile, na mchezo wa mpira ndio ulionisahaulisha. Nilitaka kusema kwamba hizo alama hazikutengenezwa kwa kututazama sisi.

Mwanasheria, Katindo: Kwa hoja hiyo, Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2011, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ilibatilisha sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto michezo ya ukatili, ikisema ushahidi kwamba michezo huwafanya watoto kuwa wakatili hautoshi. Jaji aliyeandika hukumu alikumbusha kwamba hata hadithi za kale za watoto zimejaa damu. Bibi zetu nao walitusimulia zimwi linalomeza watoto.

Mama wa watoto wanne, Ndosho: Mimi sikuuliza kama mwanangu atakuwa mkatili, niliuliza kama atalala. Na bibi aliposimulia zimwi alikuwa ametushika, akiutazama uso wa kila mmoja wetu, na akiona mdogo ameanza kulia alilifupisha zimwi. Katika ukumbi nani anautazama uso wa mtoto?

Mwalimu, Himbi: Nakiri kwamba nilianza vibaya kwa kuwalaumu wenye kumbi. Lakini San Andreas inajulikana kwa jina hata bila boksi. Mtu anaweza kuandika majina ya michezo kumi ya bunduki kwenye karatasi na kuibandika mlangoni.

Mwenye ukumbi, Majengo: Nikiiondoa peke yangu, watoto watahamia kwa jirani, na jirani hafungi hata saa nne ya usiku. Tuko kumbi sita kwenye avenyu yetu. Chefu wa avenyu akituita sote siku moja, nitakuja na karatasi hiyo ikiwa imeandikwa. Mama, mtoto wako anacheza kwa nani, na anatoka shuleni saa ngapi?

Mama wa watoto wanne, Ndosho: Anatoka saa saba. Jina la ukumbi nitakuandikia pembeni, si hapa.