Land Cruiser 80, matairi ya inchi 35: mshale unasema 50, tochi inasema 54

Mchukuzi_Iringa

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa.

Nina Land Cruiser 80 ya mwaka 1992, injini ya dizeli 1HZ, gia tano za mkono, aliniachia marehemu mzee. Mara mbili kwa wiki napeleka mahitaji kambini Tungamalenga: mboga, maji, mitungi ya gesi, safari nyingine mbao. Masika barabara ya Idodi inageuka uji, kwa hiyo mwezi wa nne niliinua springi inchi mbili, nikatoa matairi ya 275/70R16 na kufunga 315/75R16 yaliyotumika kidogo. Kwenye tope sina neno. Pale nilipokuwa nachimba kwa koleo nusu saa, sasa napita.

Tatizo ni lami. Wiki iliyopita natoka Dar, kijiji kimoja kabla ya Ruaha Mbuyuni, mshale wa spidomita umekaa 50 na nilikuwa nautazama kwa makusudi. Nikasimamishwa na trafiki, nikaonyeshwa tochi yao ya kupima mwendo: 54. Elfu thelathini nimelipa bila kubishana, maana moyoni nilishaanza kushuku. Mabasi ambayo zamani yalikuwa yananipita kama nimesimama, siku hizi hayanipiti kirahisi.

Halafu mlima wa Kitonga, njia ya kurudi Iringa. Mzee alikuwa anaupanda na mzigo kwa gia ya tatu, nilikuwa nakaa pembeni yake naona. Mimi sasa tatu inakata pumzi katikati ya kona, narudi ya pili, na malori yanajipanga nyuma yangu. Ya tano siigusi mpaka nipate mteremko.

Mafundi wamenigawa. Mmoja anasema nibadilishe gia za difu kutoka uwiano wa 4.1 (propela inazunguka mara 4.1 magurudumu yakizunguka mara moja) kwenda 4.56. Wa pili anasema 4.88 au niache kabisa. Wa tatu anasema nibadilishe ya nyuma peke yake niokoe hela, ya mbele itafuata siku nikipata. Na spidomita je, inarekebishwa peke yake au ni kazi nyingine? Gari hili ndilo linalonilisha, sitaki kulijaribia.

Bonde_la_Ufa

Weka simu kwenye dashibodi ikuonyeshe mwendo wa setilaiti, kazi imeisha. Mimi mwaka wa tatu sasa.

Mchukuzi_Iringa

Asante mkuu, simu nimeshaiweka. Lakini hainipandishi Kitonga, na kilomita zinazohesabiwa kwenye dashibodi bado ni za uongo. Oili namwaga kwa kuzifuata hizo.

FundiDifu_Gerezani

Kaka, pole kwa faini, na pole kwa mzee.

Nianze na huyo fundi wa kubadilisha difu ya nyuma peke yake, usimpe gari lako. Difu mbili zenye uwiano tofauti maana yake propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) ya mbele na ya nyuma zinataka kuzunguka kwa kasi tofauti wakati barabara inayalazimisha magurudumu yote kwenda sawa. Kama 80 yako ni ile inayovuta miguu minne muda wote, transfa, gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, haitamaliza wiki. Kama ni ya kuchagua, itavunjika siku utakapoingiza foo-wili kwenye ardhi inayoshika. Ni zote mbili au hakuna.

Na kabla ya kununua chochote, hakikisha hiyo 4.1 kwa mkono wako. Gari la 1992 limeshapita kwa mafundi wengi, huwezi kujua nani aliweka nini. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, gia iwe huru na transfa iwe huru, kisha nyanyua gurudumu moja la nyuma, la pili libaki chini. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili huku mwenzako anahesabu propela. Ikizunguka mara nne na kitu kidogo, ni 4.1. Ikizunguka nne na nusu, kuna mtu alishakutangulia. Ukifungua difu ni rahisi zaidi, unahesabu meno: krauni (gia kubwa) 41 kwa pinyoni (gia ndogo) 10 ni 4.1, krauni 39 kwa pinyoni 8 ni 4.88.

Sasa hesabu ya tairi. 275/70R16 ina kipenyo cha milimita 791 hivi: asilimia 70 ya 275, mara mbili, jumlisha rimu ya inchi 16 ambayo ni milimita 406. Ya 315/75R16 ni milimita 879. Umeongeza asilimia 11. Kila propela inapozunguka mara moja, gari linakwenda mbele asilimia 11 zaidi ya linavyodhani. Kwa injini ni sawa na mtu aliyekuibia difu ya 4.1 akakuwekea ya 3.7. Kitonga imekuwa ndefu kwa sababu hiyo, na uzito wa hayo matairi umeongeza lake.

Angalia ukiwa gia ya nne, 80 kwa saa. Kwa matairi ya mzee, injini ilikuwa inazunguka kama 2,200, na 1HZ nguvu yake ya kuvuta iko hapohapo. Sasa hivi kwa mwendo uleule iko chini ya 2,000. Ukiweka 4.56 inarudi 2,200. Ukiweka 4.88 inapanda kama 2,360.

Kuhusu spidomita, kwenye gari lako waya wake unatoka kwenye transfa, hautoki kwenye gurudumu. Kwa hiyo haihesabu tairi, inahesabu propela. Ukibadilisha difu kwa kiasi kilekile ulichoongeza tairi, spidomita inajirekebisha yenyewe bila kuguswa. Chukua 4.56 gawa kwa 4.1, unapata asilimia 11 ileile.

Lakini hesabu ya karatasi isikutoshe, maana tairi likibeba mzigo linabonyea, na lako limetumika. Nenda kapime. Sehemu tambarare, mshale 80 bila kuyumba, mwenzako asome simu. Halafu chukua kilomita kumi kamili kwa nguzo za barabarani uone dashibodi imehesabu ngapi. Niletee namba mbili hizo.

PradoMama_Moro

Naomba niongeze hapo kwa wenye magari ya karibuni, wasije wakasoma jibu la fundi wakaingia gharama. Prado yangu inapata mwendo kutoka kwenye sensa za magurudumu, zilezile za ABS. Nilibadilisha difu nikitegemea mshale utajirudi, haukusogea hata kidogo, kwa sababu sensa inahesabu mizunguko ya gurudumu na haijui difu ina nini. Nililia siku ile. Ilibidi nifungiwe kisanduku kidogo kinachozidisha ishara kabla haijafika kwenye dashibodi, na kinapangwa kwa asilimia unayotaka. Magari mengine yanakubali kuandikiwa saizi mpya ya tairi kwa kompyuta. Jueni kwanza gari lenu linasoma wapi.

Na kaka wa Iringa, breki. Matairi mazito vile na mteremko wa Kitonga ukirudi Dar, tafadhali kagua pedi na mafuta ya breki kabla ya hayo yote.

Mchukuzi_Iringa

Dada nimekusikia, pedi za mbele nimebadilisha juzi, zilikuwa zimebaki kama karatasi. Nashukuru sana.

Fundi, nimepima. Propela imezunguka mara nne na kidogo, kwa hiyo 4.1 ni kweli. Mshale ukiwa 80, simu inasema 86. Nimerudia mara tatu kwenda na kurudi. Kilomita kumi za nguzo, dashibodi imehesabu 9.0. Hapo ndipo sielewi, mbona mshale umekosea asilimia 8 na kilomita zimekosea 11, wakati waya ni mmoja?

FundiDifu_Gerezani

Umepima vizuri, na swali lako ni zuri. Kiwandani mshale huwekwa uzidishe kidogo kwa makusudi. Kanuni za kimataifa zinaruhusu spidomita ionyeshe zaidi ya mwendo halisi, haziruhusu ionyeshe pungufu. Kihesabu kilomita hakizidishiwi hivyo, kinahesabu meno tu. Mshale wako tangu enzi za mzee ulikuwa unaongeza kama asilimia 3, na hiyo ndiyo imekupunguzia kosa. Kilomita hazikuwa na akiba hiyo, zimekula 11 nzima.

Ndiyo maana hata hesabu ya mafuta inakudanganya. Ukiona dashibodi 540 kwa lita 80 unasema gari limeanza kunywa, kilomita 6.75 kwa lita. Ukweli ni 600, yaani 7.5. Na oili ya kilomita 5,000 umekuwa ukiimwaga kwenye 5,550.

Ukiweka 4.56, kilomita kumi zitahesabika kumi, na mshale utarudi kuzidisha asilimia 3 kama zamani. Ukiweka 4.88 unavuka upande wa pili: kilomita kumi zitasomeka 10.7, na mshale wa 80 utakuwa kama 72 halisi. Hapo utalazimika kutafuta kigia cha plastiki cha waya kule kwenye transfa, chenye meno mengi zaidi ili waya uzunguke polepole. Ikiwa chako kina 28, unatafuta 30, na kiwe kinaingia kwenye nyumba yake.

4.88 si mbaya. Mtu wa mchanga na milima mitupu ningemfungia. Ila pinyoni yake ni nyembamba zaidi, na wewe unakwenda Dar. Ningekuwa wewe ningefunga 4.56.

La mwisho, na hili nakusihi. Kwenye 80 seti ya mbele si ya nyuma. Ya mbele ni ndogo, pinyoni yake imekaa juu na meno yamekatwa kinyume. Usiuziwe mbili za nyuma. Tafuta fundi mwenye dayal geji (saa ya kupimia mchezo wa meno), anayepaka rangi kwenye meno kuona yanavyokutana, na beringi ziwe mpya. Anayepima mchezo wa meno kwa kutikisa kwa mkono, mshukuru uondoke. Zikishafungwa, kilomita 800 za kwanza nenda taratibu bila mzigo mzito, simama kila nusu saa zipoe, kisha mwaga mafuta ya difu yote. Yatatoka na unga laini wa chuma, usiogope.

Mchukuzi_Iringa

Mkuu, umenifungua macho. Nimeamua 4.56. Nataka kuupanda Kitonga kwa tatu kama mzee, sihitaji zaidi ya hapo.

Seti ya nyuma nimeipata, imo kwenye boksi chini ya kitanda. Ya mbele nimeagiza, nimemtumia muuzaji picha ya pinyoni ya juu ili tusipotezeane muda. Hakuna boliti itakayofunguliwa mpaka zote mbili ziwe mezani.

Kwa sasa nimebandika utepe mwekundu kwenye kioo cha spidomita, pale 46. Mdogo wangu akiliendesha anajua: kijijini mshale usivuke utepe.